Mwiba wa Taa na Kikombe cha Uyoga

Mwiba ulikuwa mezani tangu asubuhi, ndani ya mfuko wa ushahidi, na kila askari aliyepita ofisini kwa Inspekta Wangeci alitafuta kisingizio cha kuingia autazame. Ulikuwa mrefu kama kiganja cha mtu mzima, mweupe wa kufifia, wenye meno madogo madogo pande zote mbili. Ulitolewa kwenye pipa la taka la marehemu Githae huko Gatongora, na picha yake ilikuwa imeshazunguka simu zote za Ruiru kabla marehemu mwenyewe hajafikishwa chumba cha maiti. "Samaki wa sumu," watu waliandikiana. Kufikia Alhamisi saa tatu asubuhi, hapakuwa na mtu kutoka Githurai hadi Thika ambaye hakujua nani amemwua Githae. Ni yule mama wa Pwani anayeuza samaki wakavu pale Githurai 45! Meza yake ilikuwa imeshapinduliwa sokoni, na yeye mwenyewe alikuwa seli, ameletwa huko zaidi kwa usalama wake kuliko kwa kosa lolote lililothibitishwa.

Na Wangeci? Ukweli usemwe, naye alikuwa ameamini hivyo hivyo. Alizaliwa Gatanga, akalelewa kwa maharagwe na viazi, na samaki kwake alikuwa kitu cha kutazamwa kwa jicho la pembeni. Sasa huyu aitwaye taa, samaki bapa kama sinia, mkia kama mjeledi, mwiba kama msumeno? Huyo hakuhitaji hata kesi.

Halafu Daktari Farhiya akapiga simu kutoka Thika.

"Nimemaliza na Githae wako," alisema. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. "Ini lake limekufa. Sisemi lilikuwa gonjwa. Limekufa. Niambie tena, aliumwaje?"

Wangeci alifungua faili. "Walikula chakula cha mchana Jumapili, yeye na binti yake Becky. Wakatapika na kuharisha. Jumatatu wakawekewa dripu kwenye zahanati ya karibu, Jumanne wakapata nafuu, wakarudi nyumbani. Githae hata alienda baa kuonyesha watu kwamba bado yupo. Jumatano asubuhi akaanguka bafuni."

"Na binti?"

"Yuko sawa kabisa. Nilimwona jana akipokea wageni wa matanga."

"Hapo ndipo ninapoogopa," Farhiya alisema. "Sikiliza, Wangeci. Kama ni samaki, huyo msichana amepona na hakuna neno. Lakini kuna sumu nyingine inayompa mtu likizo. Inamtapisha siku moja, inamwachilia siku mbili, anacheka, anakula, na huku ndani ini linaisha. Baba alikuwa mnywaji, ndiyo maana hakufika mbali. Msichana ana nguvu, ana muda. Ila si mwingi, na nikimkosa leo, kesho sijui kama nitamweza. Mlete. Na unijulishe walikula nini, maana matibabu si yale yale."

Wangeci alipiga namba ya Becky hapo hapo. Aliyeshika simu ni Kinuthia, ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

"Atiriri, madam," Kinuthia alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kupokea simu. "Mtoto amechomwa sindano mpaka mkono umevimba. Amepona. Mwenye makosa mmemshika. Sasa mnataka kumrudisha hospitali kwa nini, na baba yake bado hajazikwa?"

"Daktari ana wasiwasi na ini lake."

"Wasiwasi! Ukiwa na kitu cha kuonyesha, kuja. Kama huna, tuachie tuomboleze."

Akakata. Becky alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna sheria ambayo ingemruhusu Wangeci kumbeba mzobemzobe mtu mzima anayesema yuko sawa. Alihitaji kitu cha kuonyesha, na alikihitaji kabla jua halijageuka. Akaagiza mama wa samaki aletwe.

Waridi aliingia akiwa amejifunga leso yake vizuri, kama mtu aliyekuja ugenini. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Kipini, na mwanawe Sele ndiye aliyekuwa akimtumia samaki kwa basi kila Ijumaa. Aliutazama ule mwiba mezani, akatikisa kichwa.

"Na huu ndio mlionifungia?"

"Ni wako?"

"Ni wa samaki, mwanangu. Aliniomba mwenyewe marehemu, Mungu amrehemu. Taa mimi sikuuzii na mwiba, naukata mwanzo kabisa. Yule bwana akaniambia nimpe, akawaonyeshe wenziwe wajue yeye hula vitu gani. Alikuwa mtu wa maringo kidogo. Nikamfungia kwa gazeti, nikapiga uzi mwekundu."

Wangeci aliangalia orodha ya vitu vilivyotolewa kwenye pipa. Kipande cha gazeti, kimoja. Uzi, mwekundu. Vilikuwa vimeandikwa hapo tangu jana na hakuna aliyevijali.

"Lakini una sumu," alisema.

"Wallahi una sumu, mimi sikatai! Babangu alichomwa na taa mguuni, taa wa madoa ya samawati kama huyu huyu. Mtu mzima na ndevu zake alilia kama mtoto. Sasa niulize alitibiwa na nini."

"Na nini?"

"Maji ya moto. Wamtia mguu kwenye maji ya moto, yasiyomuunguza, akae hapo hata saa nzima na zaidi. Maumivu yaondoka. Sumu ya taa haiwezi moto, mwanangu. Na yakaa mwibani, haikai nyamani. Huyo wangu nimemkata mkia, nimemtia chumvi, nimemwanika siku tatu, kisha yule mpishi wao amemchemsha na nazi. Hiyo sumu ingejificha wapi?"

"Pengine alikuwa ameoza."

Waridi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Samaki aliyeoza hangoji. Hujamaliza kunawa mikono, tumbo lishakuita. Wao liliwaita saa ngapi?"

Swali hilo lilipaswa kuulizwa na polisi, na Wangeci aliona haya kulisikia kwa mshukiwa. Alirudi kwenye maelezo ya Becky. Walikula saa saba mchana. Githae alimwamsha saa nane usiku akiwa ameshika tumbo, na Becky mwenyewe akafuata dakika chache baadaye. Saa kumi na tatu! Faili ilikuwa imepitia mikono ya watu wanne na hakuna aliyehesabu.

"Huyo samaki uliuzia nani mwingine?"

"Alikuwa mkubwa, sikumuuzia mtu mmoja. Wengine ni watu wa Kiuu. Nyumba nne, nakutajia zote."

Konstebo Odhiambo alitumwa Kiuu, akarudi kabla ya saa tano akiwa anatabasamu, jambo ambalo halikufaa kabisa kwa kesi ya kifo.

"Madam, nyumba nne, watu kumi na tisa. Hakuna hata mmoja aliyeharisha. Kuna mzee mmoja amenikaripia eti kwa nini tumemfunga Waridi, sasa atakula nini wiki hii. Mimi nasema hivi, nyinyi watu wa milimani mnaogopa samaki bure. Kila mtu akifa, mnaangalia kama kuna mifupa ya samaki."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, madam."

Wangeci alichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake. Upande wa kushoto aliandika taa, na chini yake yale aliyoyajua sasa: sumu iko mwibani tu, moto unaiua, na nyama ikiharibika haingoji mtu anawe mikono. Upande wa kulia hakuwa na jina la kuandika. Alijua tu tabia za kitu chenyewe. Hakiogopi sufuria. Kinakaa tumboni saa kumi na tatu kimya. Kinaua ini, na kabla ya kuliua kinampa mtu nafuu.

"Soma tena kilichokuwa mezani," alimwambia Odhiambo.

Odhiambo alisoma maelezo ya Kalondu, mpishi wa nyumba ile. "Ugali. Taa wa nazi. Uyoga wa kukaanga. Chai."

"Rudia."

"Uyoga wa kukaanga."

Walitazamana. Huko Gatongora watu hupanda uyoga kwenye mifuko ndani ya vibanda nyuma ya nyumba, na kila anayepika anajua jirani wa kumuuzia. Uyoga ulikuwa chakula cha kawaida. Samaki ndiye aliyekuwa mgeni, na macho yote yakaenda kwa mgeni.

"Na madam, kuna hili pia," Odhiambo alisema, kidole kikiwa kwenye karatasi. "Mpishi hakula. Anasema alikuwa amefunga. Mtu anapika samaki wa nazi na uyoga Jumapili, halafu hagusi? Mimi hapo nasimama."

"Simama ukiwa ndani ya gari."

Njiani Odhiambo alitaka kuwasha king'ora. Wangeci alimkataza. Huwezi kuingia kwenye matanga ya watu na kelele kama hizo, alisema, watadhani umekuja kuwashika.

Kwa Githae hema lilikuwa limeshasimamishwa, la turubai la manjano, na chini yake watu kama hamsini walikaa kwenye viti vya plastiki wakinywa chai. Becky ndiye aliyekuja kuwapokea, birika mkononi.

"Sasa, madam? Karibuni chai."

"Poa, Becky. Unajisikiaje?"

"Mimi niko fiti. Nimechoka tu, si unajua wageni."

Wangeci alimtazama macho. Alitaka kuona kama yana rangi isiyo yao, lakini chini ya turubai lile kila mtu alikuwa wa manjano: wazee, watoto, chai, hata mikono yake mwenyewe. Kinuthia alikuwa tayari anasogea na daftari la kamati kwapani. Wangeci akapinda nyuma ya nyumba.

Kalondu alikuwa kwenye kibanda cha jikoni, anamenya viazi vya kulisha watu wale wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuja nyumba hii kutoka Mwingi miaka kumi na minne iliyopita, Becky akiwa mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama. Alitaka kusimama, Wangeci akamwashiria akae.

"Ulikuwa umefunga Jumapili, Kalondu?"

"Eeh, madam. Kanisani kwetu. Ijumaa mpaka Jumapili jioni."

"Mlifunga kwa ajili ya nini?"

"Kila mtu na lake. Mimi langu lilikuwa Becky, apate kazi. Amemaliza chuo mwaka juzi, anakaa tu." Alikata kiazi katikati. "Muulizeni pasta."

Odhiambo alikuwa ameshatoka nje na simu kumtafuta pasta. Alirudi baada ya dakika mbili, akamwitikia mkubwa wake kwa kichwa: ni kweli, na jina la Becky liliombewa kwa sauti. Hakusema tena kwamba anasimama hapo.

"Ule uyoga ulinunua kwa nani?"

Uso wa Kalondu ulichangamka, kwa mara ya kwanza tangu kifo kile. "Sikununua! Niliokota mwenyewe. Wa kununua hauna ladha, madam, ni kama kutafuna sifongo. Kwetu mvua ya kwanza ikinyesha, asubuhi unapata uyoga umetoka kwenye vichuguu vya mchwa, mweupe, mkubwa hivi. Huku sikuwa nimewahi kuuona. Sasa Jumamosi napita kule kwenye misonobari, nikauona. Aki nilifurahi! Becky alikuwa ananiuliza tangu akiwa mdogo, Anti, huo uyoga wa kwenu ukoje? Nikasema leo atakula."

Mtu wa kupeleleza hukaa miaka mingi akisubiri neno la kumfungulia mlango, na mlango huo ulipofunguka alitamani usingefunguka hivi.

"Ulibaki?"

"Hapana. Waliumaliza."

"Twende unionyeshe mahali."

Palikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kwenye mpaka wa shamba la kahawa lililoachwa, chini ya misonobari mizee iliyopandwa zamani. Ardhi ilikuwa laini kwa majani makavu. Kalondu aliwaongoza moja kwa moja, akainama, akafunua majani kwa mkono. Vikonyo sita vilikuwa vimebaki ardhini, vimekatwa kwa kisu, vimenyooka kabisa.

"Ulikata," Wangeci alisema. "Hukung'oa."

"Kung'oa? La, madam! Kwetu huwezi kung'oa. Unakata juu, mzizi unaachia mchwa, mwaka ujao wanakurudishia pale pale. Ukionekana unang'oa, wanawake watakusema mpaka sokoni."

"Kichuguu kiko wapi?"

Kalondu alizungusha macho. Pale chini hapakuwa na chochote ila misonobari. "Nilidhani ni cha chini," alisema polepole. "Kuna vingine vya chini, havionekani."

"Wa kwenu ukiung'oa, mzizi wake ukoje?"

"Mrefu, mwembamba. Unashuka chini, chini, mpaka kwa mchwa. Wakati mwingine mrefu kuliko mkono."

Odhiambo alivaa glavu, akachukua kisu chake cha mfukoni, akachimba pembeni ya kikonyo cha kwanza kwa uangalifu, kama alivyofundishwa kuchimba pembeni ya risasi. Alikitoa kizima. Hakikuwa na mzizi wowote. Chini kabisa kilikuwa kimevimba, na kimekaa ndani ya kifuko cheupe kilichopasuka, mfano wa kikombe, au ganda la yai lililotoka kifaranga. Akachimba cha pili. Kikombe. Cha tatu, kikombe. Karibu na shina la msonobari palikuwa na mmoja mchanga ambao haukukatwa, kichwa chake kina rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, mikunjo ya chini myeupe kabisa. Odhiambo aliung'oa huo pia, na chini yake kikatoka kikombe kile kile.

Kalondu alikuwa amepiga magoti. Hakugusa. Alitazama kutoka kikombe hadi kikombe.

"Huu si wetu," alisema.

Wangeci alishapiga picha na kuituma Thika. Simu ililia kabla hajairudisha mfukoni.

"Kikombe chini, pete kwenye shingo, mikunjo myeupe, kwenye misonobari," Farhiya alisema kwa haraka. "Ndio huo. Ulikuja nchini na hiyo miti, umeshikana na mizizi yake, na watu wengi wanaokufa nao ni watu walioufananisha na uyoga wa kwao. Sumu iko kwenye nyama yote, Wangeci, toka juu mpaka chini. Chemsha, kaanga, anika, haitoki. Leteni hicho kikonyo. Na mnileteeni huyo msichana sasa. Sisemi jioni. Sasa."

Upande wa kulia wa daftari ukapata jina: uyoga wa misonobari. Wangeci aliliandika akiwa amesimama, kisha akampigia sajenti wa zamu. "Mama wa samaki aachiliwe. Mpeni mtu wa kumsindikiza mpaka sokoni, na mumwombe radhi kwa niaba yangu. Nitakuja kumwomba mwenyewe."

Alimsaidia Kalondu kusimama.

"Sikiliza," Wangeci alimwambia. "Wale watu walipindua meza ya mtu ambaye hakufanya lolote. Wewe hutasema neno pale. Nitawaambia ni amri ya daktari. Wewe utakuja kituoni kesho, tuandike maelezo yako tukiwa wawili tu. Hukukusudia, hilo nalijua. Umenielewa?"

Kalondu aliitikia kwa kichwa, lakini haikujulikana kama alikuwa amesikia.

Walirudi hemani karibu saa saba. Kinuthia aliwaona kwa mbali akasimama katikati ya njia.

"Madam, umepata kitu cha kuonyesha?"

"Nimepata. Sumu haikuwa ya samaki. Daktari anamtaka Becky sasa hivi."

"Haikuwa ya samaki!" Kinuthia aliinua sauti ili wote wasikie. "Jana samaki, leo si samaki. Kesho mtasema nini? Mnatafuta njia ya kumtoa yule mama. Mtoto haendi popote."

Watu walianza kunong'ona. Becky alikuja na birika lake, akaliweka chini.

"Madam, na heshima zako, mimi niko poa. Nimekula vizuri jana. Naogopa ile hospitali, mimi naambia wewe ukweli. Baba aliingia akitembea, akatoka akitembea, na bado akafa. Wacha nimzike kwanza Jumamosi, halafu nitakuja mwenyewe."

"Jumamosi ni mbali, Becky."

"Ni kesho kutwa tu!"

Wangeci alifungua kinywa kumweleza habari ya ini, akaona mikono ya Kinuthia imeshafungwa kifuani, akaona na nyuso za watu. Kila neno lake lingekuwa neno la polisi. Dakika tano zikapita kwa maneno, kumi, na hakuna aliyesogea.

Ndipo Kalondu akapita kati yao. Alikuwa bado na udongo kwenye magoti.

"Kalondu," Wangeci alisema kwa sauti ya chini. "Hapana."

Kalondu hakumtazama. Alisimama mbele ya Becky, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa viti vya nyuma waliisikia.

"Mwanangu, ni mimi niliyemuua baba yako."

Watu waliweka vikombe vya chai chini.

"Ule uyoga. Nilidhani ni wa kwetu, na haukuwa wa kwetu. Nimeuona chini yake sasa hivi, nimeuona na macho yangu. Niliupika kwa mikono yangu, nikampa yeye, nikakupa na wewe. Samaki hana kosa. Yule mama hana kosa. Ni mimi."

"Anti, unasema nini?" Becky alirudi nyuma hatua moja. "Anti, wacha."

"Uko ndani yako. Unakudanganya kwamba umepona. Baba yako pia ulimdanganya. Panda gari."

"Kalondu!" Kinuthia alinguruma, na kiti kilianguka mahali fulani nyuma yake. Wanaume watatu walikuwa wamesimama. Odhiambo alijisogeza akasimama kati yao na yule mwanamke, mikono ikining'inia wazi.

Becky alikuwa analia. "Siwezi kwenda na wewe. Siwezi hata kukuangalia."

"Usiniangalie," Kalondu alisema. "Utanichukia ukiwa huko. Una siku nyingi za kunichukia, nataka uzipate zote. Sasa panda gari."

Haikujulikana ni lipi kati ya maneno hayo lililomfikia. Becky alifuta uso kwa kiganja, akatoka chini ya turubai kuelekea lango, na jua la saa saba likampiga usoni. Kinuthia aliyekuwa akimfuata kumzuia alimshika bega, akamgeuza, akamtazama. Akaachia mkono wake.

"Ngai," alisema.

Nje ya kivuli kile cha manjano, weupe wa macho ya Becky ulikuwa wa manjano vile vile.

Kinuthia mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa gari. Alitaka kuingia nyuma na mtoto wa nduguye, lakini Becky alikuwa ameshika upindo wa leso ya Kalondu na hakuonekana kujua kwamba ameishika. Mzee akamwacha Kalondu aingie naye, akasimama pale na daftari lake, akafunga mlango taratibu. Wangeci aliketi mbele, kile kikonyo kikiwa ndani ya mfuko mapajani mwake.

Walikuwa hawajafika Juja alipogeuka. Daktari angeuliza, na swali lilikuwa lazima.

"Becky, ulikula kiasi gani?"

Becky alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Niliongeza," alisema. "Mara mbili. Ulikuwa mtamu sana."

Wangeci aliandika: mara mbili. Sauti iliyomtoka Kalondu haikuwa neno la Kiswahili wala la Kikamba.

"Anti," Becky alisema baadaye, akiwa amefumba macho. "Si ungekula na sisi. Ulikuwa umefunga ya nini kwani?"

Wangeci alikuwa na jibu hilo kwenye daftari, limeandikwa asubuhi ile ile, na hakuligusa. Alimsikia Kalondu akivuta pumzi.

"Ya kwako," Kalondu alisema. "Ilikuwa ya kwako."

Mbele yao malori yalikuwa yamejaa barabara yote ya Thika. Odhiambo aliwasha king'ora bila kuuliza, na mara hii Wangeci hakumkataza.